Magauni ya Mgongo Wazi

Mimi nina ugonjwa mmoja ambao haujapata dawa: nikiona mlango umerudishwa nusu, lazima nichungulie. Nikisikia watu wawili wamepunguza sauti, miguu yenyewe inanipeleka. Kazi yangu ni ususi, nasukia kwenye kibaraza cha mbele ya nyumba, na msusi anayejua kunyamaza sijakutana naye bado. Mama mkwe wangu alinipachika jina la Redio wiki ile ile niliyoingia kwake kama mke wa mwanawe mdogo. "Hebu izimeni hiyo redio tule," alisema, na mezani wote wakavunjika mbavu. Nilinuna siku nzima. Kesho yake akaniita jikoni, akafunga mlango, akaniambia, "Haya Redio, jana ulikuwa unasema nini kuhusu yule jirani?" Hapo ndipo nilipompenda.

Nasimulia haya kwa sababu kila mteja anayekalia kiti changu siku hizi ananiuliza kwa nini namhoji mama wa watu kama polisi. Mama, unataka hiki au kile? Mama, tugeuke huku au kule? Wanadhani nimechanganyikiwa mimi badala ya yeye. Basi kaeni vizuri, msitikise kichwa, niwaambie.

Mama alianza kusahau taratibu. Kwanza miwani, halafu njia ya sokoni, halafu majina yetu. Mwanawe mkubwa akawa "yule bwana wa simu", maana shemeji yangu simu haimtoki sikioni. Mume wangu akawa "fundi", na kwa kuwa kweli ni fundi umeme, hakulalamika. Mimi nilibaki Redio. Kisha akateleza bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo miguu haikumbeba tena. Bega la kushoto nalo likakakamaa, mkono haupandi juu ya kifua. Lakini kuanzia viwiko kwenda chini alikuwa mzima kabisa, na vidole vyake vina nguvu za ajabu. Hilo nalijua vizuri, alama ninazo.

Kumvalisha mtu mzima asiyeweza kusimama si mchezo. Gauni la kupitisha kichwani likifika kwenye lile bega, mnabaki pale, kichwa kimezama ndani ya kitambaa, yeye analia kwa maumivu na wewe jasho linakutoka. Nesi wa zahanati alikuja nyumbani akatufundisha, na alitufundisha vizuri, sina neno naye. Mlazeni chali. Tandikeni nailoni, juu yake shuka. Mgeuzeni ubavu mmoja kisha wa pili, nepi chafu itoke na safi iingie, mfuteni kutoka mbele kwenda nyuma, mkaushe kila mkunjo asije akapata vidonda. Mkono mgonjwa uvalishwe kwanza, uvuliwe mwisho. Na magauni yapasueni mgongoni, kutoka kolani mpaka chini, mtie kamba za kufungia. Hapo hamtamwinua mkono tena, mnamvisha kwa mbele na pande mbili mnazichomeka chini ya mgongo, kwisha. Halafu akanitazama mimi hasa, akasema, "Na msiongee sana. Maneno mengi yanamchanganya. Mwambieni hatua moja moja tu."

Nina mteja ambaye baba yake anavalishwa hivyo hivyo mpaka leo, na mzee anacheka tu. Kwa hiyo msije mkasema nesi alikosea. Nilichukua mkasi, nikayapasua magauni yote ya mama mchana mmoja, nikayatia kamba nzuri, na nilijisikia mkwe wa mfano.

Asubuhi iliyofuata kazi ikaanza. Mume wangu upande huu, mimi upande ule. Yeye alimwinua mamaye huku ametazama ukutani kwa haya, shuka imemfunika mama mpaka kifuani. Redio imezimwa kwa amri ya nesi. "Sasa tunakugeuza," nikasema. "Sasa tunavua." Mama alikuwa ametulia, macho yakiwa kwenye dari. Nilipolinyanyua lile gauni juu, mgongo uko wazi, mwanga wa dirisha unapita katikati, yale macho yakamtoka.

"Bado!" alipiga kelele. "Mimi bado! Niacheni, mimi bado!"

Alinikamata kifundo cha mkono akanifinya mpaka nikapiga magoti. Mume wangu akapokea kofi la sikio. "Mwiteni Mrefu!" alilia. "Mwiteni Mrefu, yeye anajua mimi bado!" Tulipomaliza, gauni lilikuwa limekaa upande, sote tunahema, na mama anatetemeka mwili mzima. Mume wangu alitoka, akaenda kusimama uani.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Na kilichonisumbua ni kwamba mchana mama alikuwa mtu mwingine kabisa. Tukishamkalisha kwenye kiti chake kibarazani, anakula, anacheka na wateja wangu, anamwambia huyu kichwa chako kikubwa kitamaliza nywele zote za dukani. Ni mtu yule yule, siku ile ile. Sasa huo wazimu wa asubuhi unatoka wapi, na kwa nini akishavaa gauni unakwisha?

Jumapili shemeji mkubwa alikuja kumwona mama, akasema leo atatusaidia. Aliweka simu chini, jambo ambalo peke yake lilikuwa la kushangaza. Mama alimng'ata mkono. Shemeji si mtu mbaya, jamani. Alikaa sebuleni akitazama alama za meno ya mama yake.

"Shemeji," aliniambia, "nilishaongea na daktari." Akatoa chupa ndogo mfukoni. "Ni ya kumtuliza. Anapewa kidogo asubuhi kabla hamjamgusa."

"Atalala?"

"Atatulia."

"Nimekuuliza, atalala?"

Mtaa wa nyuma kuna mzee aliyeanzishiwa dawa ya namna hiyo. Labda yeye aliihitaji, mimi si daktari. Lakini nimemwona akikalishwa penye jua, jua likahama, yeye akabaki pale pale kivulini na mdomo wazi.

"Akijitupa akavunjika nyonga ya pili tutafanyaje?" shemeji aliuliza. "Jumapili ijayo nikija nikakuta ugomvi ni huu huu, tunaanza. Mimi pia sipendi." Akaiweka ile chupa juu ya kabati, akashika simu yake akaondoka.

Niseme ukweli wangu. Sikuwa namtetea mama peke yake, nilikuwa najitetea na mimi. Katika nyumba ile kuna mtu mmoja tu anayenisikiliza nikiongea, na huyo nilitaka abaki macho.

Basi nikaanza na lile lililokuwa linaniwasha. Mrefu ni nani?

"Katika ukoo wenu kuna mtu anaitwa Mrefu?" nilimuuliza mume wangu wakati wa chai.

"Hakuna."

"Rafiki wa baba yenu?"

"Hakuna."

"Baba yenu mwenyewe alikuwa mrefu?"

"Baba alikuwa mfupi kuliko mimi, unajua."

"Ndiyo hapo sasa," nikasema.

Alikiweka kikombe chini. "Unamtafutia mama yangu hawara uzeeni?"

"Sijasema hawara. Nimesema Mrefu."

"Mama alikuwa anafulia mashuka hospitali, anarudi nyumbani, anatupikia, analala. Huyo Mrefu angepitia wapi?" Akavaa mkanda wake wa koleo na bisibisi, akaenda kazini, chai akaiacha.

Katikati ya wiki ile kikatokea kituko. Asubuhi ugomvi ulikuwa mkali, halafu nikasuka vichwa mfululizo mpaka mgongo ukaniuma. Mchana tukamrudisha mama kitandani apumzike, nikamwegemeza kwenye mito, nami nikajinyoosha pembeni yake kidogo tu. Usingizi ukanipitia.

Nilipozinduka nikataka kupiga mwayo. Mdomo haukufunguka. Kitambaa changu cha kichwa kilikuwa kimepita chini ya kidevu na kufungwa utosini. Mikono yangu imenyooshwa kandokando ya mwili, viganja vimelazwa vizuri. Na mama alikuwa ameniinamia, ananipangusa paji la uso kwa kitambaa kibichi, na anaongea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya chini, laini.

"Sasa nanyoosha kola," alikuwa anasema. "Sasa nafunga kifungo cha juu. Umependeza. Usiogope, ndugu zako wako hapo nje. Sasa tunamaliza."

Nywele zilinisimama, na mimi ndiye msusi! Mtu mwingine angeruka akatokea dirishani. Lakini nilitaka kujua mwisho wake. Nililala pale, pumzi nimeibana, nikijua kabisa kwamba niko hai, na bado nikaona aibu kujitikisa kabla hajamaliza kazi yake. Alinipapasa shavu, akanifunika shuka mpaka mabegani, akageukia dirisha. Nikafungua kitambaa polepole, nikaketi.

Akageuka akaniona. "Redio!" alisema kwa furaha. "Ulikuwa wapi mchana kutwa?"

Kuanzia hapo sikutulia. Kila mteja mwenye mvi aliyekalia kiti changu nilimuuliza kama aliwahi kumjua mtu wa hospitali kubwa aitwaye Mrefu. Wengi walitikisa kichwa, wakaniharibia mstari. Siku mbili kabla ya Jumapili akaja bibi mmoja muuza vitumbua, na nilipouliza akacheka.

"Mrefu? Si yule mzee fundi viatu nyuma ya posta? Alifanya kazi hospitali miaka na miaka. Ila sasa hivi sijui kama bado ni mrefu."

Jamani, nilimwacha yule bibi na kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka. Nikamwomba amwangalie mama kidogo, nikajifunga shuka ya kazi vizuri, nikaondoka mbio.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti kifupi, mgongo umejikunja, kiatu cha mtu kwenye goti, misumari midogo imejaa mdomoni. Kweli, angesimama angenifikia bega.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," alijibu katikati ya misumari. "Kiatu kimeachia?"

"Sina kiatu. Nimekuja na swali." Nikamweleza: mama mmoja mnene, ana kidoti cheusi chini ya jicho, alifanya kazi hospitali sehemu ya kufulia, siku hizi anasahau, na kila asubuhi analitaja jina lako.

Alianza kutoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akiiweka kwenye kopo. "Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Ananitaja anasemaje?"

"Anasema, mwiteni Mrefu, yeye anajua mimi bado."

Yule mzee alicheka, halafu uso ukamgeuka nikajua kicheko kimemshinda. Akafuta macho kwa mkono wenye gundi. "Kwa hiyo alikwambieni kufulia," alisema.

"Watoto wake wote wanajua hivyo."

"Hakufulia hata shuka moja. Tulikuwa naye mochwari. Mimi nilisukuma kitanda kutoka wodini, yeye alipokea. Wanawake na watoto, yeye ndiye aliyewaosha na kuwavalisha. Alificha kwa ajili ya wale wanawe. Mtoto wa mama wa mochwari darasani nani atakaa naye? Na sahani ya mama wa mochwari, jirani gani ataionja?" Alikigeuza kile kiatu mikononi. "Siku moja nilimletea mwanamke, yeye akamgusa shingoni, akaniambia, Mrefu, huyu bado. Tulirudi naye wodini tunakimbia. Alipona yule. Baada ya hapo kila nikifika mlangoni mama yenu ananiuliza, Mrefu, una hakika? Na mimi lazima nijibu nina hakika ndipo afungue."

Mtu mwenye adabu angeishia hapo. Mimi nikauliza, "Na mlikuwa mnawavalishaje?"

Alinitazama kidogo. "Maiti aliyekakamaa hakunji mkono, mwanangu. Gauni unalipasua mgongoni kwa mkasi, kolani mpaka chini. Mtu mmoja upande huu, mwingine upande ule. Mnamvisha kwa mbele, pande mbili mnazichomeka chini ya mgongo. Ndugu wakija kuaga wanaona gauni limekaa vizuri. Kwamba nyuma liko wazi tunajua sisi tu."

Palikuwa na sanduku la viatu vilivyokwisha kutengenezwa. Nilikaa juu yake bila kukaribishwa. Niliona mikono yangu na ule mkasi, na magauni yote ya mama nimeyalaza mezani nikiimba wimbo. Watu wawili, wamenyamaza, mmoja huku mmoja kule, wamemlaza chali. Alituambia kila asubuhi kwamba bado yuko hai, na sisi tukaambizana shika mkono, shika mkono.

"Aliongea nao?" nikauliza.

"Aliwaambia kila kitu. Sasa nanyanyua mkono, sasa nafunga kifungo. Mtu asiguswe bila kuambiwa, ndivyo alivyosema. Lakini alikuwa na sharti moja, na mimi alishanigombeza kwa hilo. Nilimwambia marehemu mmoja kwa masihara, mama, gauni limekubana? Alinifukuza nje. Akasema, waambie lolote ila usiwaulize. Hawezi kukujibu yule, unamtia aibu bure. Maswali waulize wazima."

Nilirudi nikilia njia nzima, na watu wakinipisha. Kwetu maneno yote ya asubuhi yalikuwa ya kumwambia: sasa tunageuza, sasa tunavua. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu yeyote katika nyumba ile alimuuliza mama kitu akasubiri jibu. Nilifika nyumbani sijakumbuka.

Yule bibi alikuwa amekaa na mama, nusu kichwa kimetimka, wanachekana. Nikamaliza kumsuka, nikavuta cherehani. Nilishona migongo yote ikafungika, halafu nikayapasua magauni upya, safari hii kwa mbele, nikatia vifungo vikubwa vya koti. Mkono mgonjwa unaingia kwanza, gauni linazungushwa nyuma ya mgongo, mkono mzima unafuata, na bega halinyanyuliwi hata kidogo. Kumbe ingewezekana tangu mwanzo, ila hakuna aliyejua kwamba mbele na nyuma vina tofauti kwake.

Mume wangu aliporudi nilimwambia yote. Alisikiliza akiwa amesimama, mkanda wa vifaa bado kiunoni.

"Ndimu," alisema mwishowe.

"Ndimu gani?"

"Akirudi kutoka kazini alikuwa ananawa kwa ndimu, mpaka viwikoni. Tunamkimbilia, anatuambia ngojeni kwanza. Nilidhani sabuni ya kufulia inamwasha." Kisha akakaa kitandani akalia kama mtoto, na mimi nikamwacha alie.

Asubuhi tukaingia chumbani. Tulimwegemeza kwenye mito badala ya kumlaza chali, na nikamkataza mume wangu kutazama ukuta. Gauni la bluu nilishika mkono huu, la maua mkono ule.

"Mama umeamkaje? Unataka kugeukia dirishani au mlangoni?"

Akanyamaza. Kungoja jibu, kwangu mimi, ni adhabu. Niliuma ulimi. Mume wangu alifungua mdomo amjibie, nikamkanyaga mguu. Tuliendelea kungoja mpaka nikakata tamaa moyoni.

"Dirishani," mama akasema, akashika ukingo wa kitanda akajivuta mwenyewe.

"Maji yana moto sana, mama?" mume wangu akauliza huku akikamua kitambaa.

Akamgeuzia shingo. "Fundi, kumbe wewe unaongea?"

Nikamfuta, nikamkausha, nepi ikabadilishwa, na hakuna aliyepigwa. Nikanyanyua magauni. "La bluu au la maua?"

"Hilo la maua la nani?"

"Lako."

"Baya."

"Basi la bluu?"

"Na hilo baya." Akanyoosha kidole, akagusa kifungo. "Lakini lina vifungo."

Nilimvisha mkono mgonjwa, nikalizungusha, nikamvisha ule mwingine. Vifungo alianza kufunga yeye kuanzia juu, akivitazama kwa makini, na vile vya chini nikamsaidia. Mume wangu alitoka kwenda uani tena, lakini sasa nilimsikia anapiga mluzi.

Sitii chumvi, ugonjwa haukupona. Jioni yake nilimmiminia maswali matatu kwa mpigo, akanifinya, na alikuwa na haki. Bado hakumjua mwanawe. Lakini neno "bado" lenyewe sikulisikia tena kinywani mwake.

Jumapili shemeji alifika na simu sikioni. Nilimngoja amalize, nikamkalisha, nikamwambia habari ya Mrefu, ya mochwari na ya magauni. Simu ililia mara mbili hakuipokea.

"Nilikuwa nampelekea chakula mlango wa kufulia," alisema. "Kila mara alitoka nje kukipokea. Hata siku moja hakuniruhusu kupita ndani." Akainuka akaichukua ile chupa juu ya kabati, akaitia mfuko wa shati. "Nimefurahi kujua, shemeji. Lakini nataka nione kwa macho yangu."

Hakungoja sana, mama alikuwa ameshajimwagia chai. Tulimbadilisha pale pale chumbani, shemeji amesimama mlangoni. Tuliuliza, tukangoja, tukajibiwa. Alichagua la maua, lile baya. Tukamkalisha kwenye kiti, akaanza vifungo.

"Leo ametulia kweli," shemeji alisema, akinitazama mimi juu ya kichwa cha mama. "Jana alilala vizuri? Amekula?"

Vidole vya mama vilisimama kwenye kifungo. Mikono ikashuka taratibu ikanyooka kandokando, macho yakapanda kwenye dari. Niliona jinsi anavyoondoka. "Shemeji," nikasema, "mimi si yeye. Muulize mwenyewe."

Alisogea, akapiga magoti mbele ya kiti, mtu mzima yule na tumbo lake. "Mama," alisema. "Umekula?"

Mama aliushusha uso, akamtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Macho yakateremka mpaka kwenye shati. Kola ya shemeji upande mmoja ilikuwa imejikunjia ndani. Mama akanyoosha mikono.

"Sasa nanyoosha kola," akasema.

Ilikuwa sauti ile ile, ya chini, laini. Mume wangu alinishika mkono akanibana mpaka vidole vikauma, maana nilikuwa nimemsimulia.

"Sasa nafunga kifungo cha juu," mama aliendelea. Shemeji alikuwa amefumba macho, machozi yanamtiririka, na hakujitikisa. Shingo yake ni nene, kifungo hakikutaka kuingia. Mama alikivuta, akakisukuma, kikaingia. Akalainisha kola kwa kiganja. Nikangoja amwambie kwamba amependeza, kwamba asiogope, ndugu zake wako hapo nje.

Mama akainamisha kichwa akamtazama usoni, karibu kabisa.

"Mwanangu," akamuuliza, "inakubana?"

Shemeji alifumbua macho. Hakuweza kusema mara moja, na mama akamngoja.

"Inabana kidogo, mama."

"Basi fungua. Mbona unajitesa?"

Akafungua. Ile chupa ilikuwa inachungulia kwenye mfuko wa shati lake, na jioni alipoondoka iliondoka naye, hatujaiona tena. Lakini pale chumbani hakuna aliyekuwa na habari na chupa. Mume wangu alikuwa analia, shemeji analia, na mimi nimeegemea kabati, sina neno hata moja. Mama alitutazama mmoja mmoja, kisha akanigeukia.

"Na hii Redio," akauliza, "leo mbona imezimika?"